Mtoto Aliyefaulu Bado Ana Deni la Utu

Hapa Igoma, Mwanza, matokeo ya mtihani yakitoka, mzazi ambaye mwanawe amefaulu hupongezwa mtaa mzima. Anastahili, maana ada na twisheni vimetoka kwenye jasho lake. Lakini ni nadra kuulizwa: mwanao anawatendeaje walio wanyonge kuliko yeye?

Swali hilo hunijia ninaposoma habari za Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1843 mjini Clausthal, katika nyumba iliyokuja kuwa na watoto 13. Inasimuliwa kwamba alijifunza kusoma kwa magazeti kabla ya kuanza shule. Mwaka 1876, akiwa daktari wa wilaya tu, alieleza jinsi bakteria wa kimeta wanavyoishi na kuambukiza. Mwaka 1882 akatangaza kumgundua bakteria wa kifua kikuu. Akawa profesa Berlin, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Hadi leo, makohozi yanapopimwa katika vituo vyetu vya afya, tunafaidi kazi yake.

Mwaka 1906 Koch alifika Mwanza, kisha akavuka hadi visiwa vya Ssese, Uganda, ambako malale yalikuwa yakiteketeza watu. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Baadaye akaongeza kipimo, na baadhi yao wakapofuka moja kwa moja. Walikuwa watu wa makoloni, wasio na kauli juu ya kipimo kile. Koch alitaka kuponya, na alipoona upofu aliacha dozi ile kubwa. Macho hayakurudi.

Mwenye elimu kubwa aweza kuumiza sana hata anapokusudia mema, asipozoea kumsikiliza aliye chini yake. Mazoea hayo hujengwa nyumbani. Mtoto amwamkie mama ntilie kwa heshima ileile anayompa mwalimu. Akitumwa kwa jirani mgonjwa, amuulize anahitaji nini kabla ya kumtendea. Akimuumiza mwenzake, hata bila kukusudia, aende mwenyewe kuomba radhi, na mzazi asimkinge kwa sababu ni wa kwanza darasani.

Miongoni mwa watoto hawa watatoka madaktari wa hospitali za Bugando na Sekou Toure. Watakapokutana na mgonjwa asiyejua kusoma, cheti hakitawakumbusha kumweleza dawa na kumwomba ridhaa. Kuwazoeza hilo ni wajibu wetu wazazi, na hauna twisheni.