Mwenye Kupenda Picha Anapenda Nini?

Wapiga picha wako namna mbili. Wengine hupiga picha kwa kupata riziki: wana nyumba yao ya kazi, wana bei zao. Wengine hawalipwi kitu. Hupiga kwa sababu kazi hiyo yawafurahisha. Hawa wa pili, Wafaransa huwaita «amateurs». Neno hilo limetoka katika Kilatini, na maana yake ni «mwenye kupenda». Jina zuri kabisa! Lakini kila aitwaye mwenye kupenda yafaa aulizwe: Unapenda nini? Swali hili si la mchezo, ndugu wasomaji, kwa maana jibu lake lamhusu pia yule anayesimama mbele ya kamera.

Zamani swali hili liliwahusu watu wachache. Mpiga picha alihitaji vioo vizito, dawa na chumba cha giza. Mwaka 1888 George Eastman, mtu wa Rochester huko Marekani, alianza kuuza kamera yake ya Kodak kwa dola 25. Ndani yake mlikuwa na filimu ya picha 100. Zikiisha, mwenyewe alirudisha sanduku zima kiwandani ili picha zisafishwe. Mwaka 1900 ikatoka Brownie, kisanduku cha karatasi ngumu, bei yake dola 1 tu. Mwaka 1925 Wajerumani wakaleta Leica, kamera ndogo yenye kubebeka kwa urahisi. Oskar Barnack aliyeitunga alikuwa na ugonjwa wa pumu, naye alichoka kubeba mizigo ya vioo. Leo kamera imeingia ndani ya simu. Basi, swali lililowahusu wachache sasa latuhusu sisi sote.

Mtu aweza kujibu kwanza: «Napenda kamera.» Wengi huanza na kamera hafifu, na picha zao ni nzuri. Kisha wanaona kwa jirani lenzi ndefu zaidi, na tangu siku hiyo picha zao wenyewe haziwapendezi tena. «Nikiipata ile, ndipo nitakapopiga picha za kweli.» Wanaipata, mwaka haujaisha, wanaona nyingine.

Tusiwahukumu upesi. Chombo kizuri kina faida yake. Seremala hapigi randa kwa panga. Lakini twawezaje kutenganisha haja na tamaa? Tazameni kipi kimetangulia. Haja hutanguliwa na kazi: mtu ameona jambo, amejaribu kulipiga, chombo kimemshinda. Tamaa hutanguliwa na dirisha la duka: chombo kwanza, kisha mtu anazunguka akitafuta kazi ya kukipa. Jean Depara alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950, kusudi apate ukumbusho wa ndoa yake mwenyewe. Aliishi kwa kutengeneza viatu, baiskeli na kamera za watu. Kwa mapendo hayo alikuja kuwa mpiga picha maarufu wa Kinshasa, na mwanamuziki Franco akamwita awapige picha. Kwake yeye ndoa ilitangulia, kamera ikafuata.

Wa pili atajibu: «Napenda sifa.» Hakuna mtu asiyefurahi akisifiwa. Lakini je, mapendo ya kazi yaweza kuishi bila sifa? Tuna mfano wa Vivian Maier, aliyezaliwa New York mwaka 1926, mama yake akiwa Mfaransa. Karibu miaka arobaini alifanya kazi ya yaya, akilea watoto wa watu, zaidi sana huko Chicago. Alianza na kisanduku cha Kodak. Mwaka 1952 akapata Rolleiflex, kamera inayoshikwa tumboni. Mwenye kuitumia huinamisha kichwa mbele ya mtu anayempiga, na kila filimu yampa picha 12 tu. Baadaye akachukua Leica na filimu za rangi. Alipiga picha zaidi ya 100,000, wala karibu hakumwonyesha mtu. Filimu nyingi hata hakuzisafisha. Mwaka 2007 sanduku zake zilipigwa mnada, kwa kuwa kodi ya ghala haikulipwa. Mwaka 2009 akafa, kabla dunia haijalijua jina lake. Basi twaona kwamba mapendo yaweza kudumu maisha yote bila makofi hata mamoja.

Lakini hapo ndipo panapozaliwa swali gumu. Wengi wa watu aliowapiga njiani, maskini, walevi, watoto wenye kulia, hawakuulizwa, wala hawakuziona picha zao. Na yeye mwenyewe, picha zake zilionyeshwa katika miji mikubwa bila yeye kuulizwa, kwa maana alikuwa kaburini. Yakini, kukosa tamaa ya sifa hakutoshi. Mtu aweza kuwa mnyofu kwa nafsi yake, na bado akabaki na deni kwa mwenzake.

Jibu la tatu ndilo lenye kustahili jina la mwenye kupenda: «Nampenda huyu aliye mbele yangu.» Mfano wake tunao hapa kwetu Kongo. Mwezi wa 5, mwaka 1904, mtu mmoja jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwenye misioni ya Waprotestanti huko Baringa. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamemuua mke wake na binti yake Boali. Alikuja na mkono na mguu wa mtoto, vimefungwa katika majani. Bibi Alice Seeley Harris, mke wa misionari, alimwomba aketi barazani, akampiga picha akiwa anavitazama. Bibi huyo na mume wake walizionyesha picha kama hizo katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani. Watu waliokataa kuyaamini maneno hawakuweza kuikana picha. Mwaka 1908 mfalme Leopold II aliondolewa utawala wa Kongo, na picha zile zilisaidia.

Mtu atauliza: Je, si haya kuwaonyesha wageni msiba wa baba? Twajibu: ingekuwa haya kama picha ingepigwa ili watazamaji wastaajabu tu, wakaenda zao. Siku zile Wazungu wengi walitengeneza kadi za posta za watu wetu, na chini yake hawakuandika jina la mtu, bali la kabila peke yake. Picha ya Baringa ilisema jina: Nsala wa Wala, na mtoto wake Boali. Ilibeba mashitaka yake mpaka mahali ambapo miguu yake isingefika. Kamera ilikuwa ya kawaida. Kazi yake ilikuwa kubwa.

Leo ajali ikitokea barabarani, simu ishirini zinainuliwa, na mikono ya kumwinua mgonjwa ni miwili. Kabla mkanda haujatulia mahospitali, ndugu zake wameuona uso wake wenye damu. Mkanda ule umemsaidia nani?

Basi, mwenye kupenda picha ajiulize mambo mawili: Namjua huyu jina lake? Na je, ningeweza kumpelekea picha hii, tukaketi pamoja na kuitazama bila mimi kuinamisha macho? Kama ndiyo, apige, hata kwa kisanduku cha dola moja. Kama siyo, kamera ya bei kubwa haitamwongezea kitu. Aishushe, akasaidie kubeba machela.