Dawa ikijua kiasi chake, udhuru wa mgonjwa utabaki?

Ramadhani moja nilimsifu mama yangu mdogo mbele ya darsa la akina mama hapa Kilambo. Nikasema: mtazameni, ana kisukari, anajichoma insulini, na hajaacha hata siku moja ya saumu. Siku tatu baadaye akaanguka kabla ya adhuhuri. Jasho, kutetemeka, maneno hayatoki. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Alipoweza kumeza tukampa maji ya sukari, akarejea, alhamdulillah. Sifa zile ndizo zilizomponza, na aliyezitoa ni mimi.

Juzi amesikia kuwa wataalamu wanatengeneza jeli ya kuwekwa chini ya ngozi. Jeli hiyo hubeba insulini. Sukari ikipanda, huvimba na kuiachia. Ikishuka, husinyaa na kuizuia. Wazo si geni. Mwaka 1979 walikuwapo waliotangaza insulini inayoongozwa na sukari yenyewe. Lakini hadi leo jambo liko kwenye utafiti, halijafika famasi. Akaniuliza: "Mwanangu, ikija hiyo, sitakuwa na udhuru tena?"

Ndugu msomaji, swali hili si dogo. Kuhusu sindano, Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah 1997 lilikwisha kusema kuwa isiyo ya lishe haibatilishi saumu. Lakini Suratul Baqara aya ya 184 imetoa ruhusa kwa mgonjwa. Je, ugonjwa ni jina au ni madhara? Mwenye kuumwa jino kidogo naye ni mgonjwa kwa jina, wala hali mchana. Kwa hiyo naona atakayelindwa kweli na jeli, kwa kauli ya daktari mjuzi, atafunga.

Wapo watakaosema kuitegemea jeli ni upungufu wa tawakkul. Hao wamemsahau ngamia, ambaye Mtume (s.a.w.) aliamuru afungwe kwanza. Mbona kamba ya leo hawaiulizii? Insulini iligunduliwa Toronto 1921, na wagunduzi wakauza haki zao kwa chuo kikuu kwa dola 1 kila mmoja. Huku kwetu mgonjwa asiye na friji huiweka chupa yake katika mtungi wa udongo, akiomba joto lisiiharibu. Kumsifu mgonjwa ni rahisi kuliko kumchangia nauli ya kliniki.

Nilimjibu mama mdogo: jeli haijafika, udhuru wako upo. Darsani nimekwisha kurudi kusema kuwa nilikosea. Baadhi hawakupendezwa. Yeye alikuwa nyumbani, akipima unga wa kulisha masikini.