Mali ya Mume na Mke Baada ya Talaka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu zangu Waislamu, katika miji yetu ya pwani twaona jambo la kusikitisha. Mume hutamka talaka, na siku ya pili mke hurudi kwao na sanduku lake la nguo. Nyumba husalia kwa mume, na akiba ya kazini husalia kwa mume. Akiulizwa husema, "Sharia haimpi mke kitu." Je, amesema kweli?

Ni kweli kwamba nikahi haichanganyi mali za mume na mke. Kila mmoja ni mwenye mali yake, na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametufunza kwamba wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake nao wana fungu katika walichochuma. Basi hukumu hii ambayo bwana huyu aishika ili amnyime mkewe, ndiyo imlazimuyo kumrudishia kilicho chake.

Tazameni nyumba zetu za Mombasa. Nyingi zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwengine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi akapewa risiti. Risiti ina jina la mume, lakini mabati yalinunuliwa kwa bangili za mke. Bangili zile zilikuwa ni nini? Ikiwa mke alizitoa kwa radhi yake kuwa ni zawadi na mume akazipokea, zimekwisha kuwa mali ya mume. Ikiwa alikopesha, ni deni. Ikiwa walishirikiana, ana fungu kwa kadiri ya alichotia. Haya yataka kuulizwa kwa uadilifu kabla ya kusema kuwa hana kitu. Ama mahari, hayo hayaguswi, hata yakiwa ni rundo la dhahabu.

Na akiba ya uzeeni ni vivyo hivyo. Ikatwayo katika mshahara wa mume ni ya mume, na ya mke aliye mwalimu au muuguzi ni ya mke. Lakini wako waliopatana kwamba mshahara wa mke ulishe nyumba ili wa mume uwekwe akiba. Nafaka ni wajibu wa mume, ijapokuwa mke ni tajiri. Basi alichotumia mke kwa mapatano ya kulipwa ni deni shingoni mwa mume.

Hapa ndipo sulhu itakiwapo. Mtume wetu (S.A.W.) ameiruhusu sulhu baina ya Waislamu, ila ile ihalalishayo haramu au iharamishayo halali. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 yamruhusu Mwislamu kufuata sharia ya dini yake katika mali ya ndoa. Basi hatuna udhuru.

Lakini angalieni sana namna ya kuandika. Akiba ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii hupokewa mtu afikapo miaka 60, au 50 akistaafu mapema. Huenda mume akafa kabla ya hapo. Ikiwa karatasi yasema tu, "Nitampa," hiyo ni ahadi ya zawadi, na katika madhehebu yetu ya Shafi zawadi haitimii mpaka ipokewe. Warithi hawatalazimika kuitimiza. Ikiwa yasema, "Nawiwa na fulani shilingi kadha," hilo ni deni, na deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Na mwenye kutaka kufanya hisani tu, naandike wasia usiozidi thuluthi, kwani mtalaka aliyekwisha eda si mrithi tena. Kila kitu kiandikwe kwa jina lake la kweli. Itajwe kadiri, utajwe wakati, na wawepo mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara kuhusu deni la muda.

Wala asisahau mume mutaa, yaani kitu cha kumliwaza mke aliyeachwa bila ya kuwa yeye ndiye sababu. Watu wengi hapa kwetu wamekiacha kana kwamba hakikuamrishwa.

Enyi wazee mnaoitwa kusuluhisha, msiridhike kuwapatanisha watu kwa maneno na kahawa. Takeni wino na karatasi. Na wewe uliyeacha, jua kwamba jina lako katika risiti halitakuwa hoja mbele ya Mola wako ikiwa ndani ya nyumba ile mna haki ya mwenzako. Lipa leo, kabla mali yako haijawa ya warithi na deni likabaki lako.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika kutekeleza haki za watu. Wallahu aalam.