Udhia Mdogo wa Dirisha

Kuna dhuluma ambazo mtu akizisimulia watu husimama kumsikiliza, na kuna udhia ambao mtu akiusimulia watu hucheka. Aliyenyang'anywa shamba husikilizwa. Anayelalamika kwamba dirisha la kompyuta limemrukia mbele ya macho wakati anapiga chapa huambiwa avumilie, kompyuta ndivyo zilivyo. Nataka, msomaji, tuutazame udhia huu wa pili bila kuucheka, kwa kuwa naamini ndani yake limo swali ambalo si dogo. Mtu apewapo chombo kinachomfaa kwa mambo mengi na kumkera kwa jambo moja, je, ni wajibu wake kukipokea kama kilivyo, au ana haki ya kukirekebisha? Na yule mtu wa mbali anayemletea kirekebishi bila malipo, anamdai nini?

Kwa asiyeshinda mbele ya kompyuta, nieleze kidogo. Kila kazi kwenye mashine hiyo hukaa ndani ya umbo la pembe nne liitwalo dirisha. Madirisha yaweza kuwa mengi na kulaliana kama karatasi juu ya meza ya karani, lakini ni moja tu linalopokea herufi zinazopigwa kwenye kibodi. Udhia wenyewe ndio huu: unaandika katika dirisha lako, na dirisha jingine ambalo hukuliita linajitokeza juu yake na kuanza kupokea herufi zako. Nawe hujui, kwa sababu macho ya mpiga chapa yako kwenye karatasi anayoinakili.

Siku moja nilikuwa katika steshenari hapa Kondoa mjini nikingojea kutoa kopi. Binti wa pale alikuwa akimchapia mama mmoja kutoka upande wa Pahi maelezo ya kupeleka kwenye baraza la ardhi, kurasa mbili za mipaka, majina ya majirani na miti iliyopandwa na marehemu mumewe. Katikati ya kazi programu moja ikatoa kidirisha cha kuuliza kama mashine izimwe na kuwashwa upya, na jibu lililokwisha kutangulizwa tayari lilikuwa Ndiyo. Binti alikuwa amefika mwisho wa aya, akabonyeza enta ili aanze aya nyingine. Mashine ikaichukua enta ile kuwa ndiyo jibu lake. Skrini ikawa nyeusi.

"Umeme umekatika, mwanangu?" mama akauliza.

"Hapana mama, imejizima yenyewe."

"Imejizima kwa nini, na taa inawaka?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Maelezo yakaandikwa upya, na yalipokwisha gari la Pahi lilikuwa limeondoka.

Mimi sioni kwamba lililotokea pale ni hitilafu ya mashine. Mashine ilifanya barabara kile ilichopangiwa kufanya. Lililotokea ni kwamba mtu aliulizwa swali ambalo hakulisikia, na akahesabiwa kuwa amejibu. Sote tunakubali kwamba ridhaa sharti itanguliwe na swali. Hata katika ndoa, ambako desturi yetu imekubali kimya cha mwari kuwa ni jibu, kimya hicho hakina maana yoyote ikiwa hakuna aliyekwenda kumuuliza. Lakini kwenye kompyuta tumezoea mtindo wa kuulizwa kwa kustukizwa, na mzigo wote wa matokeo ukabaki kwa aliyestukizwa. Yule binti aliomba radhi mara tatu. Aliomba radhi kwa jambo alilotendewa.

Wasanifu wa mifumo waliliona hili zamani. Microsoft, katika Windows 98 na Windows 2000, iliweka kanuni kwamba programu iliyo nyuma isiweze kujileta mbele kwa nguvu wakati mtu anafanya kazi. Badala yake, kitufe chake katika mwambaa wa chini kimetemete tu, kama mgeni anayepiga hodi na kungoja. Kanuni hiyo ilipewa hata kipimo cha muda: sekunde 200 tangu mtu alipogusa kibodi au kipanya kwa mara ya mwisho, yaani dakika tatu na sekunde ishirini za heshima. Kipimo hicho kilihifadhiwa katika sajili ya ndani ya mfumo, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hafiki. Lakini waandishi wa programu wenye haraka walitafuta mianya ya kuizunguka kanuni, na mianya haikukosekana.

Hapo ndipo vinapoingia viprogramu vya bure. Windows 95 ilitoka tarehe 24 Agosti 1995, na baada ya muda si mrefu wahandisi wa kampuni hiyo hiyo wakatoa fungu la viprogramu lililoitwa PowerToys, bila malipo na bila ahadi ya kuvihudumia. Kimojawapo, Tweak UI, kilileta juu mipangilio iliyokuwa imefichwa, na matoleo yake ya baadaye yakawa na kisanduku cha kuweka alama ili madirisha yasinyang'anyane nafasi. Nje ya kampuni pia watu walijitokeza. Mwaka 2003 Chris Mallett alitoa AutoHotkey, ambayo kwa mstari mmoja tu wa maandishi humwezesha mtu kulifunga dirisha moja libaki juu ya mengine yote, na alipoiacha kazi hiyo wengine wakaiendeleza. Mwaka 2019 jina la PowerToys lilirudi, safari hii maandishi yake ya ndani yakiwa wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyabadili.

Faida ya vitu hivi huonekana zaidi mahali kama steshenari kuliko katika ofisi yenye skrini mbili. Mzazi analeta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe ili ajaziwe fomu ya maombi ya mkopo wa elimu. Cheti kimeskaniwa na kiko katika dirisha moja, fomu iko katika dirisha la pili. Kila mchapaji akibofya kwenye fomu, cheti kinazama chini. Inambidi akariri namba, arudi, akariri tena, na akikosea tarakimu moja mtoto ndiye atakayehangaika. Kiprogramu kidogo cha kulishikilia dirisha la cheti pale juu kinaondoa kazi hiyo yote. Nani angesema ni anasa?

Hata hivyo yupo atakayesema kwamba mvumilivu hula mbivu. Nami naiheshimu methali hiyo, ila naona tunaitumia pasipo pake. Embe huiva lenyewe ukilingojea, dirisha haliivi. Uvumilivu ni fadhila mbele ya jambo lenye wakati wake, au jambo lisilo na dawa. Mbele ya jambo lenye dawa iliyo mezani, bure, ule si uvumilivu tena bali ni mazoea, na mazoea ya kuudhiwa humfundisha mtu kujiona yeye ndiye mwenye kasoro. Nimewasikia watu wazima, mafundi na walimu, wakisema "mimi sijui kompyuta," kumbe wanachokisema ni kwamba wameudhiwa mara nyingi na hawakuona wa kumlaumu isipokuwa nafsi zao.

Sisi wa Kondoa tunalo jambo la kulinganisha na hili, ingawa ni kubwa kuliko dirisha mara elfu. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaamriwa iondolewe katika eneo letu lililokuwa limeliwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, na aliyeyaona makorongo ya Haubi ya siku zile hatalikana hilo. Lakini amri ilitazama milima, haikuweza kuitazama kaya moja moja: mama mwenye mtoto anayehitaji maziwa, mzee asiye na ndugu wa kumpelekea ng'ombe nje ya eneo. Baadaye ukaruhusiwa ufugaji wa ndani, ng'ombe wachache wa maziwa wakilishwa zizini. Amri kubwa ilibaki, ikatobolewa mlango mdogo. Sisemi kwamba mtengenezaji wa kompyuta ni serikali, wala kwamba anatutakia mabaya. Anatengeneza kitu kimoja kwa ajili ya mamilioni ya watu, na kitu cha mamilioni hakiwezi kumkaa kila mtu. Ninachodai ni kwamba milango midogo ni sehemu ya haki, na anayeitoboa bila kubomoa ukuta hajafanya uasi.

Sasa huyu anayetoboa na kutugawia. Tulipokuwa watoto chuoni tulifundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, ingawa ni tawi la chini kabisa. Mtu anaokota mwiba, anautupa kando, anakwenda zake. Hajui mguu gani umesalimika, na mwenye mguu hajui kwamba palikuwa na mwiba. Naona kiprogramu cha bure kimefanana sana na tendo hilo, ila kwa tofauti moja: mwiba ukishaondolewa umeondoka, na kiprogramu kinahitaji kulishwa. Mfumo ukibadilika nacho hubadilishwa au hufa. Tweak UI ya Windows XP haikuvuka kwenda toleo lililofuata. Kwa hiyo nyuma ya kile tunachokiita bure yuko mtu anayekesha, na ni ukosefu wa adabu kumwandikia kwa hasira siku kiprogramu kinapogoma, kama kwamba tulimlipa. Tunalodaiwa ni shukrani, na pale mtu anapoweza, kueleza kasoro kwa utulivu na ukamilifu ili naye apate pa kuanzia. Hilo halihitaji kadi ya benki.

Kuna hoja moja inayonisumbua zaidi, nami nitaieleza kwa nguvu zake zote. Inasemwa kwamba warekebishaji wa bure wanamharibu mtengenezaji. Angelikuwa hana wa kumfunikia, angelazimika kurekebisha mwenyewe, tena kwa wote, hata kwa yule asiyejua kwamba viprogramu vipo. Kabla lami ya kutoka Dodoma hadi Babati haijazinduliwa mwaka 2018, wasafiri wa njia hii waliwajua vijana waliofukia mashimo kwa koleo na kuwapungia mkono wenye magari wapewe chochote. Palikuwa na abiria waliosema vijana wale wanaifanya serikali ilale. Lakini sikuwahi kumwona dereva aliyelikwepa shimo lililofukiwa ili serikali iamke. Mwenye mgonjwa ndani ya gari hana miaka ya kungojea. Jibu langu basi ni nusu tu: shimo lifukiwe, na kelele ziendelee. Nusu iliyobaki inanishinda, maana anayepata nafuu mara nyingi ndiye wa kwanza kunyamaza, na anayebaki na udhia ni yule asiye na sauti wala bando la kupakulia kiprogramu.

Na cha bure kina hatari zake. Flashi moja inayozunguka katika maduka ya mji imeshatuletea virusi vya kutosha, na si kila anayesema "nimekutengenezea" amekutengenezea. Anayechukua kiprogramu na achukue kwa mwenyewe, si kwa mpitaji. Mimi huviamini zaidi vile ambavyo maandishi yake yako wazi, si kwa sababu nayaelewa, bali kwa sababu wanaoyaelewa wanaweza kuyasoma bila kuomba ruhusa. Kwa njia hiyo hiyo ya uwazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza, mwaka 2004, kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, baada ya wataalamu kukaa na kutafuta maneno yake. Kama programu ile ingefungwa na mwenyewe, tungeomba na kungoja.

Limebaki suala la mashine ya wengi. Kompyuta iliyo nyumbani kwangu naweza kuigeuza nipendavyo. Ya steshenari hutumiwa na binti asubuhi, kaka yake jioni, na siku za Jumamosi na mwalimu mmoja anayekuja kuchapa mitihani yake mwenyewe. Binti alipoweka kiprogramu cha kuyafanya madirisha yafuate kipanya, yaani dirisha lipokee herufi pale tu kipanya kinapopita juu yake, yeye alistarehe. Mwalimu aligusa kipanya kwa kiwiko, na swali la nne la mtihani wa jiografia likaingia katika dirisha la mtu mwingine. Kwake yeye kirekebishi kile ndicho kilichokuwa udhia.

"Nani kaichezea mashine hii?" aliuliza, na hakuwa na utani.

"Haijachezewa mwalimu, imerekebishwa," binti akajibu.

"Imerekebishwa kwa ajili ya nani?"

Baada ya hapo wakaweka daftari la kurasa 48 kando ya printa. Kila anayebadili kitu anaandika tarehe, alichobadili, na namna ya kukirudisha kilivyokuwa. Nililifungua wiki iliyopita. Kile cha kuyazuia madirisha yasirukie mbele kimebaki, hakuna aliyekipinga. Kile cha kulishikilia dirisha la cheti juu kimebaki. Kile cha kufuata kipanya kimekatwa kwa mstari, na pembeni, kwa mwandiko wa mwalimu, pameandikwa kwamba binti anaweza kukiwasha asubuhi mradi akizime kabla ya saa nane.