Deni la Mtafiti kwa Mwenye Kisima

Kerende ni kijiji cha Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, kilicho jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002. Maji ya nchi ile huteremkia mto Tigithe. Tigithe huingia mto Mara. Nao Mara huingia Ziwa Viktoria. Mama wa kijiji kile anapojitwika ndoo, hujitwika na swali pamoja nayo: Je, maji haya yatawafaa watoto wangu, au yatawadhuru? Hawezi kulijibu kwa macho wala kwa ulimi, kwa maana sumu nyingine haina rangi, wala harufu, wala ladha.

Wa kulijibu wapo. Vyuo vikuu vya siku hizi vina mainjinia wanaojua jinsi bwawa linavyoweza kuvuja, waganga wanaojua sumu inavyoingia mwilini, wataalamu wa mazingira wa kupima mto, na kompyuta za kuhesabu yote hayo. Basi jambo tunalopenda kulifikiri leo pamoja na wasomaji wetu ni hili: jibu likiisha kupatikana, ni la nani? Ni la aliyepima, au la aliyelipa gharama, au la yule mwenye ndoo?

Tukumbuke kwanza yaliyotokea. Mwezi Mei 2009 maji machafu ya mgodi yalivuja mpaka Tigithe, na wenyeji wakalalamika juu ya afya zao na mifugo yao. Mwaka huohuo, kwa kuhimizwa na viongozi wa dini wa nchi yetu, wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Norwei na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichukua maji, udongo na matope ya mtoni karibu na mgodi huo, na karibu na ule wa Geita pia. Mahali kadhaa karibu na North Mara walikuta aseniki nyingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Aseniki hulala ndani ya miamba yenye dhahabu. Mwamba ukipasuliwa na kuachwa kwenye hewa na mvua, sumu huweza kutoka. Anayeinywa haanguki siku ileile. Hudhurika polepole, ngozi na viungo vya ndani, na baada ya miaka mingi huweza kupata saratani. Shida haikuishia hapo, maana mwaka 2019 serikali iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa habari ya maji ya topesumu, kisha ikazuia bwawa lenyewe lisitumike.

Matokeo ya vipimo vile yalichapwa mwaka 2012 katika jarida la kitaalamu, kwa Kiingereza. Hatuwalaumu waliofanya kazi hiyo njema. Ndivyo desturi ya vyuo ilivyo. Lakini kwa mtu wa Kerende, jibu lililowekwa katika jarida la namna hiyo ni taa iliyofunikwa kwa pishi. Inawaka, naye yumo gizani.

Tena giza hilo lina madhara yake. Mwezi Machi 2022 maji ya mto Mara yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Wengi waliushuku mgodi papo hapo. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ikasema kwamba kisa ni kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza hewa ya oksijeni majini. Watu wengi walicheka, wengine wakakasirika.

Hatukusudii kuihukumu kesi ile. Lakini mwaka 2018, miaka minne kabla yake, watafiti waliotoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walikuwa wamekwisha kuchapa habari za mto huohuo, upande wa Kenya. Walionyesha kwamba kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 hujilimbikiza katika madimbwi, na mvua inapoyafagia, oksijeni ya mto hupungua hata samaki hufa. Habari hiyo haithibitishi neno lolote juu ya Machi 2022. Viboko si ng'ombe, wala mahali si pale. Hata hivyo, mtu aliyeijua angaliweza kuihoji kamati kwa akili: Kinyesi kiasi gani? Kutoka wapi? Mbona mwaka huu na si mwaka jana? Asiyeijua aliachiwa njia mbili tu, kuamini kama mtoto mdogo au kubeza. Na hakuna mtu mzima anayestahili kuachiwa njia hizo mbili katika jambo la maji anayokunywa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba haki ni nia imara ya kumpa kila mtu kilicho chake. Basi twasema wazi: kumrudishia mwenyeji habari za maji yake si sadaka ya mtaalamu mwenye huruma. Ni kulipa deni.

Mtu aweza kutupinga akisema: Elimu si mbuzi, ukiichukua, mwenyewe hapungukiwi, basi deni latoka wapi? Ni kweli kwamba kisima hakipungui kwa chupa moja. Lakini mwenyeji alimfungulia mgeni mlango, akamwonyesha njia, akajibu maswali ya ugonjwa wa nyumbani mwake. Tena habari zilizopatikana zahusu uhai wake. Mganga akichukua damu ya mgonjwa, akaipima, akaenda zake bila kusema neno, nani atamsifu kwa kuwa damu haikupungua sana?

Mwingine atasema: Watu watatishika bure, maana vipimo vina mashaka yake. Basi waambiwe na mashaka yake. Waambiwe ni kisima kipi, mwezi gani, nini kimejulikana na nini hakijajulikana. Wafugaji wa Tarime wamezoea kupima mashaka: hununua ng'ombe bila kuona ndani ya tumbo lake. Wakielezwa kwa Kiswahili au kwa Kikuria, na mtu aliye tayari kuulizwa, wataelewa.

Wala hatusemi jambo lisilowezekana. Katika Wilaya jirani ya Serengeti, tangu mwaka 2002, watafiti wa Tanzania na wa Uingereza walifuata nyumba kwa nyumba habari za watu walioumwa na mbwa wenye kichaa. Mwaka 2009 walionyesha kwamba mbwa mgonjwa mmoja, kwa wastani, huambukiza mbwa mmoja na kidogo zaidi; kwa hiyo, wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa waweza kuzuiwa. Na chanjo yenyewe ilipelekwa vijijini. Mwenye mbwa hakuhitaji kusoma jarida. Elimu ilimrudia katika sindano.

Lakini si kila elimu hurudi hivyo. Katika hifadhi ya Serengeti watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliweka kamera 225, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa picha zake milioni 3.2 imeweza kutambua aina 48 za wanyama. Ni kazi ya ajabu. Twauliza tu: ni watoto wangapi wa shule za Tarime na Serengeti walioambiwa kwamba kompyuta hiyo ilijifunzia nchini kwao?

Sisi tunaopokea nasi tuna wajibu. Ukweli hauna upande. Vipimo vikisema kosa ni la mgodi, wenye mgodi na wakuu wasivifungie kabatini. Vikisema kosa ni la zizi letu, tusivikatae kwa sababu tulitamani mwingine awe mkosaji. Anayetaka kuambiwa ukweli hana budi kuwa tayari kuambiwa na usiompendeza.

Nanyi wazazi mnaouza ng'ombe ili mtoto aende chuo kikuu, mnayo haki ya kumwuliza swali moja arudipo likizo: Umejifunza nini kinachohusu nyumba hii? Mtoto akiweza kulieleza jambo lake mbele ya bibi yake, kwa lugha ya bibi yake, basi amelielewa kweli, na ameanza kulipa deni. Na bibi yake akijua kisima kipi cha kuchotea na kipi cha kuacha, atakuwa amepata haki yake.