Zebaki Iliyowamaliza Watengeneza Kofia

Kijana wa Migato, huku kwetu Kanda ya Ziwa, unayetaka kujifunza ubunifu wa kofia, nakutia moyo. Pamba tunalima wenyewe, na kichwa cha kuvalishwa hakikosekani. Ila kabla hujaingia karakana ya mtu, sikia yaliyowapata watengeneza kofia wa Danbury, katika jimbo la Connecticut, Marekani, mji uliosifika kwa kazi hiyo.

Kofia zao zilitokana na manyoya ya sungura na wanyama wengine. Ili manyoya yashikamane, yalipakwa dawa yenye zebaki, yakageuka rangi ya karoti, kisha yakatiwa maji ya moto na kushindiliwa. Mvuke uliopanda ulibeba zebaki. Majira ya baridi madirisha yalifungwa, na mwanagenzi alivuta hewa ile kutwa nzima asishtuke, maana mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki.

Dalili lakini zilionekana. Fizi zilivimba, meno yakalegea, mate yakamtoka mtu ovyo. Mikono ilitetemeka hadi mwandiko ukaharibika; hebu fikiria mbunifu asiyeweza tena kuchora mstari ukanyooka. Aliyekuwa mchangamfu akaanza kuona haya mbele za watu, na ukisimama kumtazama kazini anawaka hasira. Watu waliizoea mitetemeko hiyo hata wakaiita kwa jina la mji wao. Wengine wakasema ni pombe tu. Hapo ndipo panaponiuma: ugonjwa ukishageuzwa utani, nani ataupeleka kwa daktari?

Na daktari alikwishasema. Mwaka 1860 J. Addison Freeman, wa jimbo la New Jersey, aliandika kuwa zebaki inawadhuru watengeneza kofia. Marekani ilikomesha matumizi yake katika kofia mwaka 1941, wakati ambapo zebaki ilihitajika pia kwa silaha za vita. Miaka 81 ilipita hapo katikati!

Tusiwacheke. Mimi nawe, ada ya mtoto ikidaiwa, huenda tungefunga dirisha vilevile tukaendelea na kazi. Hapa Kanda ya Ziwa wapo wachimbaji wadogo wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki mikono mitupu, kisha wanaichoma, wakati mwingine nyumbani kabisa, watoto wakiwa pembeni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini moshi bado unavutwa.

Kofia ya pamba haihitaji zebaki, ashukuriwe Mungu. Hata hivyo karakana ina gundi, ina rangi, ina dawa za kukaushia. Muulize fundi wako kilichomo ndani ya kopo, na asipokijua, fanyia kazi nje penye upepo. Mikono ikianza kutetemeka au kichwa kikiuma kila jioni, nenda kituo cha afya mapema. Ukifika, usiishie kusema unaumwa. Mweleze mganga kazi unayofanya na dawa unazoshika.