Ila Iwe Juu: Katika Kumtangaza Farasi wa Kuuza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika nchi zifugwazo farasi, kama Bara Arabu na Uingereza, mwenye farasi wa kuuza huandika tangazo likasomwa na watu wa mbali. Huandika umri wake, kimo chake, nasaba yake na mwendo wake. Yote haya ni halali maadamu ni kweli. Swali ni hili: je, yampasa kuandika na ila yake? Au yatosha asiseme uwongo, na yaliyobaki ayaachie macho ya mnunuzi?

Wako wasemao kuwa yatosha. Husema: kila mtu husifu chake, na mnunuzi ana macho, na atazame. Waingereza waliifanya hii kuwa kanuni katika sharia yao ya zamani, kwamba mnunuzi na ajihadhari. Lakini farasi hajulikani kwa kutazamwa saa moja. Yuko asiyeshikika kwa hatamu, naye siku ya kuuzwa ametulia kwa kuwa amechoshwa tangu alfajiri. Yuko mzee aliyechongwa meno na kutiwa weusi wa uwongo. Kwani umri wa farasi hutazamwa menoni, na vile vishimo vya meno ya mbele ya chini hufutika apatapo kama miaka 8. Na wako waliomtia farasi tangawizi chini ya mkia ili aunyanyue, adhaniwe ana nguvu.

Vitendo hivi kila mwenye haya huvikataa. Lakini yako na maneno yafanyayo kazi ya tangawizi. Farasi asiyeshikika huandikwa kuwa ana moyo. Aumaye huandikwa kuwa amjua bwana wake. Mwenye kuchechemea huandikwa kuwa ataka mpandaji mpole. Hapana hapo neno moja la kushtakiwa, na msomaji amekwisha kuhadaika. Mtu humnunulia mwanawe farasi huyo aliyesifiwa, na siku ya pili mtoto ameanguka, amevunjika. Je, zile fedha zilizozidi zitalipa nini?

Maulamaa hawakuliacha jambo hili bila hukumu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja waziwazi katika Minhaj, miongoni mwa aibu zimpazo mnunuzi khiari ya kurudisha, kutoshikika kwa mnyama na kuuma kwake. Ametaja pia uharamu wa kumwacha mnyama bila kukamwa makusudi, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ndiyo desturi yake. Na muuzaji akishartisha kuwa hana dhima ya aibu yoyote, sharti hiyo, kwa kauli yenye nguvu, humwokoa na aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua. Ile aijuayo haimwokoi. Basi aandikaye kuwa farasi auzwa kama alivyo, naye ajua kuwa ni mwenye kuuma, hakujitoa katika dhima.

Na katika madhehebu ya Shafi'i, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, kitu kisichoonwa hakisihi kuuzwa kwa sifa peke yake. Basi tangazo ni mwito tu, si mauzo. Lakini mwito wa hadaa nao una dhambi yake, kwani humtoa mtu kwake na kumtia gharama.

Imepokewa na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Na azingatie mwenye akili: mtu yule hakuambiwa akitupe chakula chake, aliambiwa kilichorowa kiwe juu. Na tangazo nalo lina juu yake na chini yake. Mwenye farasi na aanze kwa ila: huyu huuma, au huyu haendi safari ndefu. Kisha na aseme afaa kazi gani, kisha ndipo asifu.

Kutaja kazi ni jambo kubwa. Ghazali amesimulia katika Ihya kuwa mtu aliuza ngamia kwa dirhamu 300, na Wathila bin Al-Asqaa (R.A.) alikuwapo. Akamkimbilia mnunuzi, akamuuliza: amnunua kwa nyama au kwa kupanda? Akajibu, kwa kupanda. Wathila akamwambia kuwa ukwato una tundu na hatavumilia safari. Muuzaji akapunguza dirhamu 100, akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akajibu kuwa walimbai Mtume juu ya kumtakia kheri kila Mwislamu.

Wako wasemao: sema kweli, kwa kuwa kweli huuza. Na mara nyingi ndivyo, kwani tangazo lililoanza kwa ila, sifa zake huaminiwa. Lakini asiyesema kweli ila kwa kuwa yauza, siku isipouza ataiacha. Jarir bin Abdillah (R.A.), kama alivyotaja Nawawi katika Sharhi ya Muslim, alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Akamwambia mwenyewe kuwa farasi wake ni bora kuliko thamani hiyo, akampandishia mia baada ya mia hata 800. Faida ya fedha hapo ilikuwa wapi? Alitimiza ahadi yake tu.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hukumu hii si ya farasi peke yake. Punda wa Lamu ana hukumu hiyo hiyo, na dau lililooza mbao likapakwa rangi mpya, na nyumba ivujayo iuzwayo wakati wa kiangazi. Kila muuzaji na ajiulize kabla ya kuandika: umaji umewekwa juu, au umefunikwa?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wakweli. Amin.